Amejiua au Ameuawa? Tusiharakishe Kusema

(Muziki wa kufungulia kipindi. Punguza sauti polepole.)

Leo tunazungumza juu ya jambo zito. Kama watoto wadogo wako karibu na redio, wapeleke nje wacheze kidogo. Na kama wewe mwenyewe umefiwa hivi majuzi na mazungumzo haya yakakuumiza, si vibaya kuzima redio au kumwita jirani msikilize pamoja.

Hebu tuchukue mfano. Ni alfajiri, simu inalia. Ni shemeji, anapiga kutoka kule binti yako alikoolewa. Anasema, "Mama, pole. Dada amejiua." Kabla hujapata pumzi ya kuuliza, anaongeza, "Tumeonelea tuzike kesho, maana jambo lenyewe ni la aibu."

Utafanya nini, mama? Wengi wetu tutalia, tutajifunga leso, tutapanda matatu kwenda mazishini. Tutazika, na tutarudi nyumbani na swali moja ambalo halilali: je, ni kweli mtoto wangu alijiua? Au kuna mtu aliyemuua?

Hili ndilo swali letu la leo. Tutaeleza jinsi daktari na wapelelezi wanavyotofautisha mtu aliyejiua na mtu aliyeuawa. Hatutaeleza jinsi mtu anavyojiua, kwa sababu maelezo ya namna hiyo hayamsaidii yeyote, na yanaweza kumdhuru mtu aliye na uchungu moyoni. Nia yetu ni moja tu: ujue kwamba neno "amejiua" ni jibu la uchunguzi, si habari ya kutangazwa kabla uchunguzi haujafanywa. Na wewe mama, usipojua, unaweza kuharibu jibu hilo kwa mikono yako mwenyewe bila kukusudia.

SABABU YA KIFO NA NAMNA YA KIFO

Kwanza tuelewe maneno mawili. Daktari anayechunguza maiti huitwa mwanapatholojia. Yeye hutafuta sababu ya kifo, yaani kilichosimamisha uhai wa mwili. Lakini kuna jambo la pili, ambalo ni namna ya kifo, yaani kifo hicho kilikujaje.

Namna za kifo ni tano. Ya kwanza ni maradhi au uzee. Ya pili ni ajali. Ya tatu ni kujiua. Ya nne ni kuuawa na mtu mwingine. Ya tano ni pale ambapo uchunguzi umefanywa na bado haikujulikana.

Tuseme mtu ametolewa kisimani akiwa amekufa. Daktari akimpasua akaona kwamba alikufa maji, amepata sababu ya kifo. Lakini je, aliteleza akichota maji? Alijitosa? Au alisukumwa? Sababu ni moja, namna ni tatu. Ndiyo maana daktari peke yake mara nyingi hawezi kumaliza kazi, wala polisi peke yake hawezi. Ni lazima vitu vitatu viwekwe pamoja kama mafiga matatu ya jikoni: mahali, mwili na maisha. Ukiondoa figa moja, sufuria inaanguka.

FIGA LA KWANZA: MAHALI

Wapelelezi wakifika, jambo la kwanza wanalofanya ni kusimama na kutazama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani au kwa nje? Dirisha je? Viti vimesimama au vimepinduliwa? Kuna kikombe kilichovunjika? Kuna alama za kitu kilichoburutwa sakafuni, au udongo ambao si wa pale?

Wanapiga picha kabla hawajagusa chochote. Wanapima umbali kati ya mwili na vitu vilivyo karibu. Wanajiuliza: je, mtu huyu angeweza kufanya hivi peke yake, kwa urefu wake, kwa nguvu zake na kwa vitu vilivyopo hapa? Kama kuna damu, wanaangalia ilirukia wapi na ilitiririkia wapi. Damu hufuata mteremko kama maji. Ikiwa imetiririka kuelekea juu ya mwili ulivyolala, basi mwili huo ulisogezwa baada ya kuumia.

Kama kuna barua, hawaisomi tu wakaamini. Mtaalamu wa maandishi huilinganisha na daftari, fomu au barua nyingine ambazo marehemu aliandika zamani. Simu ya marehemu nayo huchunguzwa: alizungumza na nani mara ya mwisho, ujumbe gani ulitumwa, na ulitumwa saa ngapi. Ujumbe uliotumwa baada ya saa ambayo daktari anasema mtu huyo alikuwa amekwisha kufa, ujumbe huo uliandikwa na mtu mwingine.

FIGA LA PILI: MWILI

Mwili wa marehemu unaendelea kusimulia hata baada ya uhai kutoka. Daktari anajua kuusikiliza.

Jambo la kwanza ni kukakamaa. Saa chache baada ya kifo, kwa kawaida kati ya 2 na 4, misuli huanza kukaza. Kufikia kama saa 12 mwili wote huwa umekakamaa, halafu baada ya siku moja au zaidi hulegea tena. Joto huharakisha mambo haya na baridi huyachelewesha, kwa hiyo mwili ulioko Garissa hautakwenda sawa na ulioko Limuru. Kwa njia hii daktari hukadiria saa ya kifo. Ni makadirio, lakini husaidia kupima ukweli wa anayesema, "Nilimwacha mzima saa tatu asubuhi."

Jambo la pili ni damu kutulia. Moyo ukisimama, damu haisukumwi tena. Hushuka chini kama machicha ya chai, na ngozi ya upande ulio chini hupata rangi ya zambarau. Baada ya saa 8 hadi 12 hivi rangi hiyo huwa imeshika, haihami tena. Mtu akikutwa amelala kifudifudi huku rangi iko mgongoni, daktari anajua kwamba alikaa chali kwa saa nyingi kwanza, halafu mtu akamgeuza. Nani alimgeuza, na kwa nini? Hapo upelelezi umepata pa kuanzia.

Jambo la tatu ni majeraha. Jeraha alilolipata mtu akiwa hai si sawa na alilolipata akiwa amekufa. Mtu aliye hai akigongwa, damu huvuja ndani ya nyama na kuacha uvimbe na wekundu, kwa sababu moyo ulikuwa bado unasukuma. Baada ya kifo hakuna msukumo huo. Daktari huangalia pia mikono, viganja na sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Mtu anayeshambuliwa huinua mikono kujikinga, hata bila kufikiri. Michubuko na mikato ya sehemu hizo huitwa majeraha ya kujikinga. Chini ya kucha panaweza kupatikana ngozi au damu ya mtu mwingine, ambayo hupelekwa maabara kupimwa vinasaba.

Daktari hatosheki na ngozi ya juu. Hufungua mwili na kutazama kichwa, shingo, kifua na tumbo kwa ndani, kwa sababu mtu anaweza kuwa hana alama yoyote kwa nje na ndani ameumia vibaya. Ikishukiwa sumu, damu, mkojo na vilivyomo tumboni huchukuliwa na kupelekwa kwa Mkemia wa Serikali. Harufu ya dawa ya mimea chumbani haithibitishi kwamba marehemu aliinywa, wala kwamba aliinywa kwa hiari yake.

FIGA LA TATU: MAISHA

Hatimaye wapelelezi huuliza juu ya maisha ya marehemu katika siku na wiki za mwisho. Alikuwa mgonjwa? Alikuwa na huzuni isiyokwisha? Alikuwa amewahi kujaribu kujidhuru? Alikuwa na madeni? Je, kulikuwa na mtu aliyemtisha, aliyekuwa akimpiga, au ambaye angefaidika na kifo chake?

Hapa tunahitaji tahadhari, kwa sababu hapa ndipo sisi wanajamii tunapokosea. Tunasema, "Alikuwa anacheka juzi kanisani, hawezi kujiua." Si kweli. Watu wengi hucheka mbele za watu huku wameumia ndani. Tunasema, "Hakuacha barua, basi aliuawa." Si kweli. Wengi wa wanaojiua hawaachi barua. Tunasema, "Aligombana na mumewe, basi amejiua kwa hasira." Hilo pia halithibitishi kitu, maana mke anayegombana na mumewe anaweza pia kuuawa na mumewe. Habari za maisha husaidia, lakini haziwezi kushinda yale yaliyoonekana katika mwili na mahali.

VISA VIWILI KUTOKA NCHI YETU

Wakenya wengi wanakumbuka kisa cha Padri John Kaiser. Alikuwa mmishonari kutoka Marekani aliyekuja Kenya mwaka 1964. Alitetea watu waliofukuzwa kwenye mashamba yao, na alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza mapigano ya kikabila. Tarehe 24 Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, akiwa na jeraha la risasi kichwani na bunduki ikiwa karibu naye.

Wapelelezi wa FBI kutoka Marekani walisaidia katika uchunguzi, na mwaka 2001 ripoti yao ilielekea kusema kwamba alijiua. Walitilia maanani kwamba padri huyo aliwahi kuugua ugonjwa wa akili. Kanisa Katoliki na watu waliomfahamu hawakukubali. Kisa kikapelekwa mbele ya hakimu kwa uchunguzi wa hadharani, ambao kwa Kiingereza cha mahakama huitwa inkwesti. Mashahidi wakasikilizwa tangu mwaka 2003. Tarehe 1 Agosti 2007 hakimu aliamua kwamba Padri Kaiser hakujiua, bali aliuawa. Hakuweza kutaja waliomuua, lakini neno "alijiua" liliondolewa juu ya jina la marehemu.

Fundisho ni hili, akina mama: ugonjwa wa akili si ushahidi wa kujiua. Mtu mwenye sonona anaweza kuuawa kama mtu mwingine yeyote. Tena, kwa sababu jamii iko tayari kuamini kwamba amejiua, aliyemdhuru hupata mahali pa kujificha.

Kisa cha pili ni cha juzi. Mwezi wa Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang, mwenye umri wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay na kupelekwa Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema kwamba alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Tarehe 10 Juni mwili ulichunguzwa na kundi la wanapatholojia, na Dkt. Bernard Midia akaeleza walichokiona. Mtu akijigonga ukutani mwenyewe, alisema, majeraha hutarajiwa kuwa na mpangilio fulani, hasa upande wa mbele wa kichwa. Lakini kichwa hiki kilikuwa kimevuja damu pande mbalimbali, pembeni na nyuma pia. Tena kulikuwa na dalili za kukabwa shingo na majeraha mengi mwilini. Wakasema haielekei kwamba majeraha hayo alijitia mwenyewe. Inspekta Jenerali wa Polisi aliomba radhi mbele ya Seneti kwa ile taarifa ya kwanza.

Hebu fikiria kama familia ingeambiwa, "Amejigonga, zikeni haraka," nayo ikakubali. Yale yaliyokuwa yameandikwa katika mwili wake yangefukiwa pamoja naye.

(Muziki mfupi, kama nusu dakika.)

NAMNA TUNAVYOHARIBU USHAHIDI KWA NIA NJEMA

Karibu tena. Unasikiliza kipindi cha afya ya jamii, na leo tunauliza: amejiua au ameuawa?

Tumeona kwamba mahali na mwili husimulia. Sasa tuone jinsi sisi wenyewe tunavyoyafuta masimulizi hayo.

Mwanamke akipata msiba, kitu cha kwanza anachotafuta ni ufagio. Wageni wanakuja, nyumba ni chafu, marehemu amelala vibaya, ana damu usoni. Basi tunafagia, tunapiga deki, tunaosha mwili, tunambadilisha nguo na zile za zamani tunazichoma. Tunafanya hivyo kwa mapenzi na heshima. Lakini tumeosha kilichokuwa chini ya kucha na tumechoma nguo zilizokuwa na damu ya mtu mwingine.

Katika baadhi ya jamii zetu kuna mila juu ya mtu anayedhaniwa amejiua. Mti hukatwa na kuchomwa, mwili huchapwa fimbo, au marehemu huzikwa usiku bila kulilia. Tunaheshimu wazee wetu, lakini tuseme ukweli. Mwili uliochapwa fimbo kabla ya daktari kuuona umeongezewa alama juu ya alama, na mti uliochomwa hauwezi kupimwa. Na kama mtu huyo aliuawa, basi tumemwadhibu aliyeonewa.

Tena kuna haraka ya kuzika kwa sababu ya aibu. Ukisikia haraka kubwa ya kuzika kutoka kwa mtu ambaye alikuwa peke yake na marehemu, uliza kwa upole, lakini uliza. Ni kweli kwamba mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, lakini kufikia hapo mengi yatakuwa yameoza, na familia itakuwa imezika mara mbili.

Ndugu zetu Waislamu huzika mapema kwa mujibu wa dini, na hilo si haraka ya kuficha. Kifo kikiwa cha ghafla au cha kutatanisha, familia inaweza kuomba uchunguzi ufanywe siku ile ile kadiri inavyowezekana, na mwili ushughulikiwe kwa heshima na sitara.

UFANYE NINI UKIMKUTA MTU KATIKA HALI HIYO

Kwanza, uhai hutangulia ushahidi. Kama kuna dalili yoyote ya uhai, hata pumzi ndogo, okoa. Piga kelele upate msaada, mpeleke hospitali mara moja. Kama unashuku amekunywa sumu, usimtapishe na usimpe maziwa; maziwa si dawa ya sumu, na kumtapisha kunaweza kuiingiza mapafuni. Funika mikono yako kwa glavu au mfuko wa plastiki, maana baadhi ya dawa za shambani hupenya kwenye ngozi. Chukua chupa au pakiti uliyoikuta uende nayo, imfae daktari katika matibabu.

Pili, kama ni wazi kwamba amekufa, usiguse kitu. Toka nje, watoe watoto, funga mlango. Mtu mmoja asimame pale mlangoni asiruhusu watu kuingia kutazama. Usipige picha za kusambaza kwa simu.

Tatu, toa ripoti. Mwambie chifu au naibu wake na piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu. Omba nambari ya OB, uiandike. Chini ya kifungu cha 386 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, mkuu wa kituo akipata habari kwamba mtu amejiua, ameuawa au amekufa kwa ajali, ni wajibu wake kuanzisha uchunguzi. Asikwambie mtu kwamba "kujiua hakuchunguzwi".

Nne, andika. Chukua daftari la mtoto, uandike: nani alimkuta, saa ngapi, mlango ulikuwaje, nani aligusa nini. Kama ulisogeza kitu kabla ya kujua, usione haya kumwambia mpelelezi. Kosa lililosemwa linaweza kurekebishwa. Lililofichwa linapotosha.

Tano, fuatilia uchunguzi wa maiti. Polisi hujaza fomu iitwayo 23A, na daktari huandika humo aliyoyaona. Jamaa huenda kumtambua marehemu kabla ya upasuaji. Ulizeni siku na saa, mwende. Familia ikiwa na wasiwasi, inaweza kuomba daktari wake mwenyewe awepo. Ombeni kuelezwa matokeo kwa lugha mnayoielewa. Matokeo ya maabara huchukua muda, kwa hiyo msikate tamaa mkiambiwa "tunangoja Mkemia".

Sita, kama haikujulikana, kesi haijafa. Hakimu ana uwezo wa kufanya uchunguzi wa hadharani, kama ule wa Padri Kaiser, na kuwaita mashahidi. Kama mtu alifia mikononi mwa polisi, malalamiko hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi.

KAMA ITABAINIKA KWAMBA ALIJIUA

Wakati mwingine mafiga yote matatu yatasema jambo moja: hakuna aliyemgusa. Alijiua. Hilo nalo ni jibu, na lina faida yake. Linamwondolea lawama mume, mkwe au jirani ambaye kijiji kilikuwa tayari kumchomea nyumba. Watu wasio na hatia wamefukuzwa makwao kwa sababu ya uvumi wa matangani.

Lakini jibu hilo lisigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia marehemu wala mama yake. Kujiua mara nyingi hutokana na maumivu ya akili ambayo yangeweza kutibiwa: sonona, ulevi uliokithiri, huzuni ya baada ya kujifungua, mateso ya nyumbani. Usimwambie mama aliyefiwa, "Hukumlea vizuri." Mwambie, "Pole," ukae naye, umpikie uji.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno machache yanayolingana na umri wao. Ukimwambia mtoto kwamba mama amesafiri, atangoja barabarani. Mwambie, "Mama amekufa. Alikuwa mgonjwa katika mawazo yake. Si kosa lako." Hilo la mwisho lirudie mara nyingi, kwa sababu watoto hujilaumu kimya kimya.

Na kwa walio hai: kwa miaka mingi, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mtu aliyejaribu kujiua aliweza kushtakiwa na kufungwa. Familia zilificha wagonjwa wao kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo usiogope kumpeleka hospitali mtu aliyejaribu kujidhuru. Ni mgonjwa kama mgonjwa wa malaria.

Ukimsikia mtu akisema, "Afadhali nife," usimcheke. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake. Weka mbali dawa za shambani na dawa za hospitali, ukazifungie. Mpeleke kituo cha afya, au piga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199. Na wewe unayepigwa nyumbani, nambari ni 1195, bila malipo. Usingoje mpaka watu wauliza swali la leo juu ya mwili wako.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Msikilizaji mmoja ameuliza: "Je, kumpasua marehemu si kumdhalilisha?" Mama, daktari humpasua kwa utaratibu, na akimaliza humshona. Ukimvalisha nguo, jeneza likifunguliwa, watu watamwona kama alivyokuwa. Kinachomdhalilisha marehemu ni kuitwa jina ambalo si lake.

Mwingine ameuliza: "Nilizika binti yangu bila uchunguzi, na sasa nina wasiwasi. Nimechelewa?" Hujachelewa kutoa ripoti. Mauaji hayana muda wa mwisho wa kushtakiwa. Nenda polisi na habari ulizo nazo: ujumbe wa simu, majina ya mashahidi, kadi za hospitali zinazoonyesha alitibiwa majeraha zamani. Mahakama ndiyo itakayoamua kama kaburi lifukuliwe. Usijilaumu. Ulifanya ulichokijua siku ile.

TUKUMBUSHANE

Kifo chochote cha ghafla ni cha kuchunguzwa kwanza, kupewa jina baadaye. Okoa aliye hai. Usifagie, usioshe, usichome. Piga ripoti, pata nambari ya OB, fuatilia uchunguzi wa maiti. Usimhukumu marehemu kwa ugonjwa wake wa akili, wala jirani kwa uvumi.

Turudi kwa yule mama wetu wa alfajiri. Simu bado iko sikioni. Amelia, na ni haki yake kulia. Lakini sasa anajua la kusema. Anasema, "Asante kwa kunipigia, mwanangu. Msiguse kitu. Ninakuja, na tutaanzia kituo cha polisi. Hatuziki mpaka daktari amwone."

Kama ni kujiua, maneno hayo hayajamwonea mtu. Kama si kujiua, huenda ndiyo maneno pekee yatakayomtetea binti yake.

Jadilianeni katika vikundi vyenu vya akina mama, na mwambie jirani ambaye hakuwa karibu na redio. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia kipindi.)